Bidoni, kaye na siku ya kupumzika: namna ya kupanga mazoezi ya nguvu kwa wachezaji wetu



Wiki iliyopita mmoja wetu anayefundisha kule Walikale aliniandikia hivi: "Agronomo, timu yetu ya mupira inaisha nguvu dakika ya 60. Tupe programu ya vyuma." Nilianza kumjibu kwa sauti kwenye simu, nikaona jambo linakuwa refu. Njo maana ninaliandika hapa, juu najua hayuko peke yake. Karibu kila mwenye lisansi akirudi kijijini anapewa timu, ya mupira ama ya voleboli. Watu wanasema: huyu alisoma, kwa hiyo anajua. Mimi nilisoma udongo na mimea. Nilikubali hata hivyo, na mwezi wangu wa kwanza ulikuwa mbaya. Nitaanza na huo.

Ilikuwa Masisi. Vijana 22, uwanja wenye mteremko (goli moja liko juu kuliko lingine, wenye kujua vilima vyetu hawatashangaa), bidoni tatu za njano za litre 20, na chuma kimoja tulichotengeneza wenyewe: bomba la zamani la maji, na kila upande mukebe wa rangi uliojazwa simenti. Nilikuwa nimetazama video kwenye simu. Nikawapa wote kazi moja: kuchuchumaa na kile chuma mara 20, seri tano, pompi 50, kisha kupanda kilima mbio na mwenzako mgongoni. Kila siku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Wiki ya kwanza walinipigia makofi. Mwenye kutapika alionekana shujaa.

Wiki ya tatu winga wetu wa kulia alishika nyuma ya paja katikati ya mbio na kuanguka. Wiki ya nne kipa, ambaye maisha yake ni kushusha mizigo na chukudu mpaka Sake, aliamka mgongo umefunga, hawezi kuvaa viatu. Kipa alipona. Winga alirudi uwanjani mapema mno, juu hakuna aliyemwambia angoje, na paja likachanika tena pale pale. Kulikuwa na klabu moja ya Goma iliyotaka aje ajaribiwe msimu ule. Hakwenda.

Mama yake alikuja kuniona. Hakunifokea. Ni mkulima, nilikuwa nimefundisha kikundi chao mambo ya mbolea. Akaniuliza tu: "Agronomo, si weye njo unatukatazaka kumwaga mbolea bila kupima? Ile dawa ulipatia mutoto wangu, ulipima?"

Sikuwa nimepima. Ningemwona mkulima anamwaga kipimo kile kile cha urea kwenye mahindi ya wiki mbili na kwenye mahindi yanayochanua, ningemkemea mbele ya wenzake. Mimi nilifanya vile vile na miili ya watu. Tangu siku ile nilianza kusoma vizuri, na nitawapa hapa yale ninayoyaamini.

Mazoezi ya nguvu ni nini? Ni kuulazimisha musuli usukume au uvute kitu kinachokataa: chuma, bidoni, mwili wako mwenyewe, mkono wa mwenzako. Mwili ukikutana na kazi kidogo kuliko uliyozoea, haujijengi. Ukikutana na kazi kidogo zaidi ya uliyozoea, kisha ukapewa chakula na usingizi, unajijenga ili kazi ile isiuchoshe tena. Ukikutana na kazi nyingi mno, unavunjika. Sayansi nyingine yote ni kutafuta pale katikati, na kuhama napo kila wiki, juu pale katikati hapakai mahali pamoja.

Mtu aliyeliweka jambo hili kwenye hesabu alikuwa daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme. Wakati wa vita ya pili ya dunia alikuwa anatunza askari wenye magoti na mapaja yaliyoumia, katika hospitali moja ya kijeshi ya Chicago. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa wagonjwa mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi sana. DeLorme, ambaye alipokuwa kijana aliugua vibaya na akajijenga upya kwa kunyanyua vyuma, alifanya kinyume: uzito mkubwa, marudio machache, na kuongeza uzito kadiri nguvu inavyorudi. Alitangaza matokeo yake mwaka 1945. Mwanzoni aliwapa seri saba hadi kumi. Mwaka 1948, pamoja na mwenzake Arthur Watkins, alipunguza mpaka seri tatu tu za marudio kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Tazameni vizuri: mtu aliyegundua mambo haya alipata matokeo mazuri akapunguza kazi. Mimi nilipoona wachezaji wamechoka nilifikiri ndiyo dalili ya kufaulu.

Sasa tuje kwenye kupima. Wengi wanalalamika kwamba hatuna sali ya mazoezi wala vyuma vyenye namba. Lakini tuko na bidoni, na bidoni ni mzani! Litre moja ya maji ina kilo moja. Ukitia litre 12, una kilo 12, ongeza kidogo kwa uzito wa bidoni yenyewe. Ukitaka kuongeza nusu kilo, tia chupa moja ya nusu litre. Hata sali za Goma hazikupi hatua ndogo namna hiyo. Shida ya maji ni kwamba bidoni isipojaa yanacheza ndani na kukuyumbisha. Kwa anayeanza siyo vizuri. Mkifika kwenye uzito mkubwa tumieni mchanga mkavu: litre moja ya mchanga ina kiasi cha kilo 1.6, kwa hiyo bidoni ya litre 20 iliyojaa inafika karibu kilo 32. Pimeni kwenye mzani wa muuza maharagi siku ya soko, muandike kwa rangi juu ya bidoni.

Kila mchezaji atafutiwe uzito wake. Tulifanya hivi: anachukua bidoni mkononi, anaikumbatia kifuani, anachuchumaa polepole mpaka mapaja yawe sawa na ardhi, anasimama. Tunahesabu. Akifika kumi na sura yake bado inacheka, ni nyepesi. Akifika kumi na unaona kwamba angeweza labda mawili zaidi, basi, hapo pameshikwa. Tuliliita "kubakiza mawili tumboni". Msimwache mchezaji mpya ajaribu uzito wa mara moja tu, ule wa kupasua mishipa ya shingo. Mkitaka kuujua kwa hesabu, kuna kanuni ya Mmarekani Boyd Epley: uzito ulionyanyua, zidisha kwa moja ukiongeza marudio yaliyogawanywa kwa 30. Kijana aliyenyanyua kilo 40 mara 8 mpaka akashindwa la tisa anakadiriwa kuweza karibu kilo 51 mara moja. Hapo umejua bila kumuumiza.

Halafu unaandika kwenye kaye. Jina, tarehe, zoezi, kilo, seri, marudio. Mimi kaye yangu ilikuwa ya franga chache, yenye mistari, imelowa mvua mara mbili, na ndiyo chombo cha maana kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Bila kaye hujui kama unapanda au unazunguka.

Kanuni ya kuongeza ni rahisi. Mchezaji amepewa seri tatu za marudio nane. Akifaulu kufanya kumi badala ya nane, siku mbili za mazoezi zikifuatana, mwongeze kilo moja au mbili, arudi kwenye nane. Akishindwa, abaki palepale. Akishindwa wiki mbili, uliza anakula nini na analala wapi kabla ya kumlaumu. Tena msidanganywe na wiki za kwanza: watu wanapanda haraka sana, lakini mara nyingi musuli bado haujakua. Ni ubongo na mishipa ya fahamu vinavyojifunza kuita nyuzi nyingi za musuli kwa pamoja. Nguvu ya musuli wenyewe inakuja baadaye, na kano zinachelewa zaidi. Hapo njo wengi wanaumia, wiki ya tatu mpaka ya sita, mtu anajisikia simba na kano bado ni za mwanakondoo.

Mazoezi gani? Hapa swali la kuuliza ni: mchezo unadai nini? Goma kuna sanamu kubwa ya mtu anayesukuma chukudu, na anastahili, juu mapaja ya wale watu ni ya ajabu. Lakini kipa wangu wa chukudu alikuwa mzito kuruka pembeni. Mwili wake ulikuwa umejifunza kusukuma taratibu kwa masaa. Mwili unajifunza hasa kile unachofanya. Kwa hiyo mchezaji wa mupira anahitaji kuchuchumaa, kupanda jiwe au ngazi kwa mguu mmoja na uzito mikononi, kusukuma (pompi zinatosha), kujivuta kwenye tawi la mti, kukaa kama ubao juu ya viwiko ili kiuno kishike. Na anahitaji kitu kwa nyuma ya paja.

Hapo ninakaa kidogo, juu ya yule winga.

Kuna zoezi moja ambalo halihitaji hata bidoni. Unapiga magoti juu ya kitenge au nyasi, mwenzako anakushika vifundo vya miguu kwa nguvu. Mwili umenyooka toka magoti mpaka mabega, mikono tayari mbele ya kifua. Unaanza kuinama mbele polepole, polepole kabisa, ukizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka ishindwe, unajipokea kwa mikono, unajisukuma kurudi. Basi. Wazungu wa Ulaya ya kaskazini wamelipa jina lao, sisi tuliliita "mti unaanguka". Nchini Denmark walilijaribu kwa wachezaji 942 wa timu 50, na matokeo yalitoka mwaka 2011. Timu zilizolifanya zilipata majeraha mapya na ya kurudia ya nyuma ya paja 15. Zile ambazo hazikulifanya, 52. Niliposoma namba hizi nilikaa kimya muda mrefu. Dakika chache, bila franga hata moja.

Lakini tazameni walivyolipanga, maana kipimo njo dawa. Wiki ya kwanza: siku moja tu, seri mbili za marudio matano. Wiki ya pili: siku mbili, seri mbili za sita. Wiki ya tatu: siku tatu, seri tatu za sita hadi nane. Ya nne: siku tatu, seri tatu za nane hadi kumi. Kuanzia ya tano mpaka ya kumi: siku tatu, seri ya 12, ya 10, ya 8. Mtu akianza moja kwa moja na wiki ya tano, kesho hawezi kutembea mpaka kwenye choo. Ninajua, nilijijaribia.

FIFA nayo iko na programu ya kupasha mwili moto iliyotoka mwaka 2006, inaitwa 11+, ya dakika kama 20, na "mti unaanguka" umo ndani. Ilijaribiwa kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa Norway, na majeraha yakapungua kwa karibu theluthi moja. Ni ya bure na haihitaji chombo.

Sasa sehemu ambayo vitabu vya Ulaya havituandikii. Mchezaji wao akitoka mazoezini anakaa kwenye kiti. Wetu anatoka mazoezini anaenda kulima, au anatoka shambani anakuja mazoezini. Kule Bisie, kabla mgodi wa kiwanda haujaanza mwaka 2019, wabebaji walikata pori na kiasi cha kilo 50 za kasiteriti mgongoni, safari iliyoweza kuchukua siku mbili mpaka barabarani. Ukimpata kijana wa kazi ya namna hiyo kwenye timu yako ya Walikale, utampa chuma cha nini? Amekwisha kubeba. Kazi yake ni mazoezi yasiyo na programu: uzito hauongezeki kwa utaratibu, mapumziko hayapo, upande mmoja wa mwili unachoka kuliko mwingine. Huyu mpe "mti unaanguka", mpe kujivuta, mpe kulala.

Kwa hiyo niliongeza safu moja kwenye kaye: "Kazi ya jana". Kabla ya kugusa bidoni, kila mtu anasema. Alilima? Alibeba makala? Alisukuma chukudu? Alilala njaa? Aliyefanya kazi nzito anapata nusu ya seri. Mwanzoni walidanganya ili waonekane wavivu, au waonekane mashujaa, kila mmoja na uongo wake. Baada ya mwezi walizoea.

Vile vile kalenda. Makocha wakubwa wanagawa mwaka: miezi ya kujenga msingi, miezi ya kuongeza nguvu, miezi ya mechi ambapo unatunza tu. Sisi kalenda yetu inaandikwa na mvua. Msimu A unaanza Septemba, msimu B Februari. Wiki za kulima na kupanda, mgongo wa mchezaji ni wa jembe. Usipange hapo wiki zako nzito, utagombana na jembe na jembe litashinda. Sisi wiki nzito tuliziweka kati ya palizi na mavuno, siku mbili kwa juma, Jumanne na Ijumaa. Mechi zikianza Jumapili tulibaki na siku moja, Jumatano, na hiyo inatosha kutunza nguvu iliyopatikana. "Mti unaanguka" usifanywe siku mbili za mwisho kabla ya mechi. Kila wiki ya nne tulipunguza seri kwa nusu. Kuna waliosema ni uvivu wa Agronomo. Lakini shamba lenyewe linapumzishwa!

Na dada zetu. Kule Walikale niliombwa kusaidia timu ya wasichana. Wao wanabeba zaidi ya wavulana: maji, kuni, mihogo, kamba kwenye paji la uso na mzigo mgongoni. Shingo na mgongo vimechoka, lakini hakuna aliyewahi kuwafundisha kuruka na kutua. Tulianza na kutua tu: ruka kidogo, tua kwa miguu miwili, magoti yasiingie ndani kama yanataka kubusiana. Hili ni jambo kubwa, juu mishipa ya goti inachanika zaidi kwa wasichana kuliko wavulana. Kisha kuchuchumaa bila uzito, kisha na bidoni ya litre tano. Kuna mzee aliyesema vyuma vitawafanya wasizae. Nilimuuliza nani anabeba mihogo kwake. Akacheka, akaenda.

Chakula ni sura ya peke yake, nitasema kidogo. Wenzangu wa agronomia wanakumbuka pipa la Liebig: maji yanavuja kwenye ubao mfupi. Kwetu ubao mfupi ni proteini. Mwenye kujenga musuli anahitaji kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kijana wa kilo 60, gramu 96. Bugali la muhogo karibu halina kitu upande huo. Gramu 100 za maharagi makavu zina karibu gramu 21. Jibini yetu ya Masisi gramu 100 ina kama 25, lakini tuseme ukweli, mwenye kuitengeneza anaiuza Goma, haili. Basi maharagi, karanga, dagaa, yai likipatikana, na maharagi tena. Mchezaji ambaye siku ile hakula, msimpe uzito. Mpeni filimbi awe refa.

Wengine watasema: mbona Julius Yego wa Kenya alijifunza kurusha mkuki kwenye YouTube, akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72? Ni kweli, na ninampenda kwa hiyo. Lakini alikuwa amerusha kwa miaka mingi kabla, na baadaye alikwenda Finland kufanya mazoezi na watu wa kumtazama. Video inakuonyesha mtu wa leo. Haikuonyeshi kaye yake ya miaka mitano.

Winga alirudi kucheza baada ya miezi minane. Ile klabu ilikuwa imekwisha kupata mwingine. Mwaka 2024 vita iliposogea, nusu ya timu ilikimbilia Goma na Minova, bidoni zilirudia kazi ya kuchota maji, na kaye ya kwanza ilipotea. Ya pili iko na kipa. Aliniambia kwamba katika kambi walikofikia amekusanya vijana kumi na wanne, wanafanya "mti unaanguka" Jumanne na Ijumaa, na winga njo anashika vifundo vya miguu.

Mwenzangu wa Walikale, timu yako inaisha dakika ya 60? Kwanza niandikie wanafanya kazi gani Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili asubuhi wanakula nini. Wengine mkitaka ukurasa wa kaye nilivyouchora, na ile safu ya "Kazi ya jana", semeni hapa chini. Mtandao ukikubali nitautia picha kesho.